Taa za Jukwaani na Uwanja wa Lumuma

Katika ofisi moja ya serikali, ambayo hatutaitaja, alifika mzee mmoja mkulima wa vitunguu kutoka Lumuma, wilayani Kilosa, akiwa na karatasi za binti yake zilizotakiwa kugongwa muhuri. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika fomu alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba akusudia kujikita katika utayarishaji wa michezo na taa za jukwaani. Karani aliyasoma maneno hayo kwa sauti, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Mmoja akamwuliza mzee ameuza magunia mangapi ya vitunguu ili mwanawe akasomee kuwasha na kuzima taa. Mzee hakujibu neno. Alizipokea karatasi zake, akazikunja mara mbili, akazitia mfukoni mwa koti, akaaga kwa adabu kama alivyoingia.

Twakiri kwamba nasi tulikuwamo ofisini humo, na kwamba tulicheka. Haya tuyaandikayo yametokana na aibu iliyotupata jioni ile, tulipojiuliza ni kitu gani hasa kilichotuchekesha. Sisi ni mtu wa mashairi, na tumekula mshahara wa utamaduni kwa miaka mingi. Hatukufika Chuo Kikuu. Elimu yetu ilikomea sekondari. Hata hivyo yatupasa kujua kwamba anayeangaza onyesho ni mwenzake anayetunga maneno ya onyesho, kwa kuwa neno lisemwalo na mtu asiyeonekana uso hufika sikioni limekwisha poteza nusu ya uzito wake. Kama sisi hatukulijua hilo, nani mwingine katika ofisi ile angelijua?

Wenzetu waliocheka wana hoja zao, na si haki kuzipita kimya. Hoja ya kwanza ni kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa za kutosha na madarasa yasiyo na madawati haina anasa ya kumfundisha mtu taa za michezo. Hoja hii yaonekana nzito mpaka tumtazame aisemaye. Mtu huyu huyu, mwanawe anapooa, hukodi ukumbi uliopambwa taa za kila rangi, na moshi wa kutengenezwa, na mtambo wa kumulika bibi harusi anapoingia. Na gharama hiyo hukusanywa kwa kadi za mchango zinazotufuata mpaka mezani petu kazini. Fedha ya taa, basi, ipo. Inatumika kila Jumamosi katika kila mji wa nchi hii. Kichekesho kwake hakimo katika gharama. Kimo katika kudhani kwamba kazi hiyo ina elimu, tena elimu ya kufaa kijiji.

Hoja ya pili ndiyo ituumizayo zaidi, maana husemwa na watu wapendao utamaduni wetu. Hao hutuambia kwamba taa za jukwaani ni mambo ya Wazungu, na kwamba Mwafrika alicheza ngoma yake juani na mbalamwezini bila kuhitaji mtu wa kummulika. La hasha! Hakuna jambo tulilozidi kulikosea kama hili.

Na waulizwe wazee wa Ukaguru na Usagara. Ngoma za unyago hukesha, na usiku wa kukesha una moto wake. Moto huo hauwashwi popote tu. Wapo waujuao mahali pake, upande gani wa upepo, umbali gani kutoka kwa wachezaji, na saa gani uongezwe kuni au uachwe ufifie ili jambo lisilopaswa kuonwa na kila jicho libaki kivulini. Kadhalika ngano. Watoto walikatazwa kuhadithiana mchana, wakaambiwa wataota pembe, nao waliokataza walikuwa na sababu: zimwi la mchana halimtishi mtu, bali zimwi lisimuliwalo mbele ya makaa, uso wa bibi ukimulikwa kutoka chini na ukuta nyuma yake ukiwa mweusi, hilo humfanya mtoto asogee karibu na mama yake. Bibi yule alikuwa fundi wa mwanga. Hakusoma popote, lakini alijua anachofanya, na kila mara alikifanya kwa namna ile ile.

Penina Mlama, aliyepata kujulikana kwanza kwa jina la Penina Muhando, ni mzaliwa wa Berega, wilaya hiyo hiyo ya Kilosa. Mnamo 1981 aliandika juu ya digubi, ngoma ya Wakaguru ihusuyo kuvunja ungo kwa wasichana, akaionyesha dunia kwamba hiyo ni sanaa ya maonyesho iliyokamilika, yenye taratibu, waigizaji na mafunzo yake. Miaka miwili baadaye akaikamilisha tasnifu yake ya uzamivu hapo Mlimani juu ya maonyesho ya Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Basi mtu wa Kilosa amekwisha thibitisha, kwa vipimo vya Chuo Kikuu chenyewe, kwamba Kilosa ilikuwa na tamthilia kabla ya kuletewa jukwaa. Nasi tuliokaa ofisini katika mkoa ule ule twamcheka binti atokaye upande wa pili wa milima hiyo hiyo.

Ama kuhusu umeme wenyewe, hata kwa Wazungu ni mgeni wa juzi. Waigizaji wa Shakespeare walicheza alasiri, juani, katika nyumba isiyoezekwa katikati, wakitangaza kwa maneno kwamba sasa ni usiku. Baada yao ikaja mishumaa, kisha gesi. Jumba la maonyesho la Savoy la London, lililokuwa jengo la kwanza la umma kuangazwa lote kwa umeme, lilifunguliwa 1881. Umeme wa kwanza wa nchi yetu uliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam 1908. Tofauti ni miaka 27, umri wa kijana mmoja. Kilichotutenga na elimu hii si umbali wa mababu. Ni jinsi umeme ule ulivyogawiwa: ulipelekwa kwenye karakana za reli na katika nyumba za wakoloni, na Mwafrika akabaki kuutazama kutoka gizani. Na jukwaa lenye taa lilipokuja, baada ya Vita Kuu ya Pili, lilikuja kama burudani ya maofisa wa Kiingereza na wake zao, waliokuwa wakichezeana michezo ya kwao katika jengo lao. Tukajifunza kuamini kwamba taa zile zilikuwa sehemu ya mchezo wao, kumbe zilikuwa vyombo tu, kama jembe la kukokotwa na ng'ombe.

Tulipopata Jamhuri mwaka 1962, Mwalimu aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza jinsi tulivyofundishwa kuzionea haya ngoma zetu. Mwaka uliofuata kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Idara ya Sanaa za Maonyesho ikaanzishwa Mlimani. Mnamo 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo. Twayataja haya haraka kwa kuwa yamekwisha andikwa mara nyingi, na kwa kuwa ugomvi wetu wa leo haumo humo. Kazi iliyofanywa ilikuwa njema. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilichapwa 1969, na hadi leo mwanafunzi anayeisoma huisikia sauti ya mto Rufiji. Katika miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walitoka Mlimani wakaenda Malya, Msoga na Mkambalani, wakakaa na wanakijiji, wakatunga nao michezo juu ya matatizo yao wenyewe. Kabla yao, mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walikuwa wamekwisha anza kuzunguka na michezo yao kutoka mji hadi mji. Na kule Kamiriithu, Kenya, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakacheza mwaka 1977. Serikali ya wakati ule ikawanyang'anya kibali, na 1982 ikalibomoa jukwaa lenyewe. Serikali haitumi watu kubomoa kitu kisicho na nguvu.

Ugomvi wetu ni huu. Walimu walipokwenda kijijini walichukua utunzi, ngoma, majadiliano na uigizaji. Taa wakaziacha nyumbani. Hatuwalaumu, maana wakati ule kulikuwa na nini cha kuchukua? Karabai moja, labda mbili, na mafuta ya taa yenyewe yalikuwa ya kupanga foleni. Lakini tangu hapo fundisho la mwanga lilibaki ndani ya ukumbi, likawa fundisho la ukumbi.

Yafaa tueleze, maana wengi wetu twazungumzia jambo tusilolijua. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aitwaye Stanley McCandless, alitoa mwaka 1932 kitabu kilichoweka kanuni ya kuangaza jukwaa, nayo bado hufundishwa duniani kote. Ligawe jukwaa katika sehemu ndogo ndogo. Kila sehemu iwekee taa mbili, zikiwa juu mbele ya mchezaji, moja kulia na moja kushoto, kila moja ikishuka kwa pembe ya nyuzi 45. Moja iwe na rangi ya joto kidogo, ya pili rangi ya ubaridi, ili uso uwe na upande wa nuru na upande wa kivuli na usionekane bapa kama sahani. Kanuni hii ni nzuri, na atakaye kuivunja na aijue kwanza. Lakini imejengwa juu ya mambo matatu isiyoyataja: kwamba kuna paa la kutundikia taa, kwamba watazamaji wote wamekaa upande mmoja, na kwamba pande nyingine zote ni giza.

Sasa tuichukue mpaka Lumuma. Uwanja hauna paa. Watu wamesimama mviringo, watoto wamekaa chini mbele, wengine wamepanda juu ya ukuta na matawi ya mwembe. Taa inayomulika uso wa mchezaji kwa ajili ya walio mashariki inawapiga machoni walio magharibi. Ukiishusha taa, inampofua mchezaji. Ukiipandisha moja kwa moja juu ya kichwa, macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi, na mtu asiyeonwa macho haaminiwi. Ufanyeje? Yawezekana kusimamisha nguzo nne ndefu na kuzielekeza taa chini kwa mwinamo mkali, ili mwanga umwangukie mchezaji na kuishia miguuni pa watazamaji wa ng'ambo. Yawezekana kuuvunja mviringo upande mmoja, kama baadhi ya ngoma zinavyouvunja zenyewe ili kuwapa wapiga ngoma nafasi. Yawezekana kutumia mchanga mweupe au majamvi kuurudisha mwanga juu usoni. Na liko suala la ngozi yetu. Ngozi nyeusi hainyonyeshwi nuru kwa wingi wa wati ikakubali. Hupendeza inapopata mwanga wa ubavuni, unaochora shavu, shingo na bega, na nyuma pasiwe na kitambaa cheupe cha kuushinda uso kwa mng'ao. Haya ni maswali ya kisomi. Yana hesabu ndani yake, na fizikia, na utamaduni. Hatujapata kukishika mkononi kitabu cha Kiswahili kinachoyajibu.

Wala si usiku tu. Sisi watu wa ngonjera na mashairi tumesimamishwa maisha yetu yote katika viwanja vya sherehe saa sita mchana, jua likiwa utosini, mgeni rasmi kivulini na watoto wa shule wakikaangwa mbele yake. Jua la saa sita ndiyo taa mbaya kuliko zote: humtia mtu vivuli machoni na chini ya pua, likamfanya kijana wa miaka kumi aonekane mgonjwa. Onyesho lile lile lingehamishiwa saa kumi, wachezaji wakaelekezwa ili nuru iwapate ubavuni, lingekuwa jambo jingine kabisa bila kugharimu senti. Katika bonde lililozungukwa na milima kama la Lumuma, ambako jua hujificha mapema, mtu aliyefundishwa angeipima saa ya mwisho ya nuru njema na kuipangia kilele cha mchezo. Hiyo nayo ni elimu ya taa, ingawa haina waya hata mmoja.

Tulipata kuongoza kikundi cha ngoma kutoka vijijini kwenda kushindana katika ukumbi wa mji fulani. Wazee walikuwa wamefanya mazoezi miezi mitatu. Fundi wa ukumbi, kijana mwema ambaye hakuna aliyemfundisha, aliwasha taa za rangi za kupepesa alizozoea kuwashia wanamuziki, akaziacha zipepese mwanzo hadi mwisho. Wazee walipoteza hatua. Mama mmoja aliyekuwa akiongoza wimbo alifunika macho kwa kiganja mpaka ngoma ikaisha. Majaji wakaandika kwamba kikundi hakikuwa na nidhamu ya jukwaani. Tulirudi nao usiku katika lori, na hakuna aliyetulaumu, jambo lililokuwa gumu kulivumilia kuliko lawama.

Tena liko suala la uhai wa watu. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi 2007, umeme umefika vijiji vingi ambavyo sisi tulivijua kwa vibatari, na pale ulipofika, maonyesho ya usiku yameongezeka. Hebu tupige hesabu. Taa kumi na mbili za mtindo wa zamani, kila moja ya wati 1,000, zataka kilowati 12. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni zaidi ya ampia 52, mzigo ambao waya za nyumba ya kawaida hazikutandikwa kuubeba. Asiyeijua hesabu hii ataunganisha waya kwa mkanda wa plastiki, ataipitisha juu ya nyasi, na atalala usingizi. Mwaka 1903, katika jumba la maonyesho la Iroquois huko Chicago, cheche za taa moja ya jukwaani zilishika pazia, na watu zaidi ya 600 wakafa, wengi wao wanawake na watoto waliokuja kutazama mchezo wa sikukuu. Jumba lile lilikuwa jipya na lilitangazwa kwamba haliwezi kuungua. Siku hizi taa za LED hutoa nuru nyingi kwa umeme kidogo sana, hata betri iliyojazwa kwa jua yaweza kuziendesha. Maana yake ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu 1967 taa zaweza kupakiwa katika gari dogo zikafuata ngoma iliko. Kizuizi kilichowazuia walimu wa miaka ya 1980 kimeondoka. Kilichobaki ni sisi.

Kuhusu ajira, ambayo ndiyo hoja ya wote siku hizi, tutasema machache. Televisheni, filamu, mikutano, makanisa, kumbi za harusi, wote wanamtaka mtu ajuaye mwanga. Binti yule hatalala njaa. Lakini hatupendi kumtetea kwa njia hiyo, kwa kuwa daktari wa mifugo hatumtetei kwa kusema atapata mshahara. Twasema ng'ombe wataugua asipokuwapo.

Kwa hiyo twadai, na tunalidai kwa waendeshao mafunzo haya Mlimani na Bagamoyo kama vile kwa wenzetu tulioko maofisini. Mwanafunzi wa utayarishaji na taa asihitimu kwa kuangaza ukumbi peke yake. Mtihani wake wa mwisho ufanyike kijijini, usiku, mbele ya mviringo wa watu, kwa ngoma au mchezo wa kijiji hicho, na miongoni mwa watahini wawe wazee wawili wa hapo wasiojua kusoma, wakiulizwa jambo moja tu: je, mlimwona? Mwanafunzi aandike ripoti yake kwa Kiswahili, na ripoti hizo zitunzwe, ili baada ya miaka kumi tuwe na kitabu. Kila mkoa upewe seti moja ya taa ndogo za kusafiri, iandikwe katika daftari la vifaa kama yaandikwavyo mapikipiki, na akabidhiwe mtu aliyefundishwa. Pasiwe na ofisa utamaduni atakayepanga sherehe bila kuwa amesimama uwanjani siku moja kabla, saa ile ile, akatazama jua linaangukia wapi.

Sisi tumekwisha anza na lile dogo lililo katika uwezo wetu. Mzee wa vitunguu alirudi wiki iliyofuata, maana karatasi moja ilikuwa imesahauliwa kugongwa muhuri. Tuliigonga sisi wenyewe, tukamtaka radhi mbele ya wote waliocheka. Alitusikiliza, kisha akatuuliza kama ni kweli kwamba huko aendako mwanawe watamfundisha pia kutengeneza jenereta, kwani la kwao lilikuwa limeharibika tangu Pasaka. Tukamwambia hatujui, lakini tutauliza.